JAMAA AJISIFIA TAIRI "MPYA" ZA JAPANI, KUMBE NI ZA THELUJI!

Kuna jamaa mmoja wa Sinza, jina kapuni, kashusha mkoko wake kutoka Japani na kuujaza Insta nzima. Picha ya mbele, ya nyuma, ya siti. Ila alichojivunia kuliko vyote ni tairi. Kashata nene, kipara hakuna. "Hizi zinanipeleka miaka mitatu," akawatambia washkaji.

Mchumba wake ndiye aliyeinama kusoma ubavuni. Akakuta neno STUDLESS. Akaingia Google, akatoka kimya.

Kumbe hizo ni tairi za baridi. Zamani Wajapani walikuwa wanatumia tairi zenye misumari kwenye barafu, zikawa zinachimba lami na kujaza miji vumbi. Mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuzibana, wakahamia hizi zisizo na misumari. Mpira wake ni laini makusudi, maana joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, tairi la kawaida linaanza kukakamaa na kuteleza.

Sasa Dar ya Desemba, nyuzi 30 na zaidi, huo ulaini unageuka tatizo. Kashata zimejaa vijikato vidogo vya kung'ata theluji. Kwenye lami ya moto zinayumba, breki inachelewa kushika, na tairi linalika haraka.

Ndiyo maana wapimaji wa Ulaya hawachanganyi mambo. Za baridi zinapelekwa kwenye theluji na barafu, sehemu kama Arjeplog kule Sweden au Ivalo kule Finland. Za joto zinapimwa kwenye lami kavu na iliyomwagiwa maji. Gari moja, spidi moja, breki inakanyagwa tena na tena, halafu zinahesabiwa mita. Tairi linaloshinda kwenye theluji siyo linaloshinda kwenye jua.

Dada akamweleza mwenzake yote hayo taratibu. Jamaa akanuna. "Lami ni lami tu. Na wewe magari umeyajua lini?"

Hapo ndipo palipouma. Maana Krismasi walipanga kumpeleka mama mkwe Moshi. Dada akajibu neno moja tu: kwenye spidi 100 gari linakula karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo breki ikichelewa kidogo tu, mtoto anayevuka barabara hana pa kukimbilia. Yeye na mama watapanda basi.

Siku mbili hawakuongea. Wanaume wengi wangekaza mpaka mwisho, maana kuambiwa ukweli wa gari na mchumba ni kama kuvuliwa shati hadharani. Siku ya tatu jamaa akaonekana Ilala kwenye duka la tairi, anahesabu hela za zile rimu alizokuwa anazitamani. Akafunga tairi nne za kawaida.

Hiyo hakuipost.

Kwa wenye magari ya mtumba, inama usome. Ukiona STUDLESS, hilo ni tairi la baridi. Ukiona kamchoro ka mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji, huenda nalo ni la baridi. Angalia na zile namba nne za mwisho kwenye DOT: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Unene wa kashata hauna siri hizo.

Vipi, ungekuwa wewe ungemsikiliza mchumba au ungekaza? Dondosha maoni hapo chini.