Chakula cha Mwenye Zamu

Nimeona watu wakisifiwa kwa mambo mengi, na mojawapo ni kufanya kazi bila ya kula. Husemwa juu ya fulani kuwa ni mtu wa kazi hasa: huingia alfajiri, hutoka usiku, na katikati hagusi hata kipande cha muhogo. Husemwa hivyo kwa heshima, na mwenye kusemwa huinamisha kichwa kama mtu anayevishwa taji. Mimi nami nililitamani taji hilo, nikalipata, nikalivaa kwa miaka kumi na mmoja. Insha hii ni habari ya siku nilipolivua.

Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu. Aliye mbali nayo hudhani kuwa ni kazi nyepesi, kwa kuwa haina jembe wala mzigo wa begani. Sibishani naye. Babu yangu alikuwa mkata mkonge katika mashamba ya Tanga. Kazi yake ilihesabiwa kwa kipande cha siku 30, na siku asiyotimiza sehemu yake haikuandikwa. Mbele ya mikono yake siwezi kuiita mikono yangu mikono ya kazi. Walakini hata kazi ya kalamu ina zamu zake, na zamu iliyo ndefu kuliko zote ni ile ya kusahihisha mitihani.

Mwezi wa Julai 2019 nilikuwa na vitabu vya majibu 312 na siku saba za kuvimaliza. Kitabu kimoja, kikisomwa kwa haki, hutaka dakika kumi na mbili. Msomaji akipiga hesabu ataona kuwa kila siku ilinidai karibu saa tisa za kusoma. Nilianza saa mbili asubuhi, baada ya kikombe cha chai ya rangi yenye sukari nyingi na maandazi mawili, nikaendelea mpaka saa kumi na moja jioni bila ya kuinuka ila kwa dharura. Kila mwenzangu aliyechungulia mlangoni na kuniuliza kama nimekula nilimjibu kwa kicheko. Ndani ya kicheko kile palikuwa na majivuno, na sasa nakiri.

Siku ya nne, yapata saa kumi, nilifika kwenye jibu la mtahiniwa mmoja. Swali lilitaka waeleze kama shairi laweza kuwa shairi bila ya vina na mizani. Mtahiniwa huyu hakuanza na shairi. Alianza na bibi yake akimbembeleza mtoto, akaendelea na habari ya bembezi kwa kurasa mbili. Nilisoma mistari michache, nikaruka, nikasoma mingine, nikaona kuwa amepotea njia. Macho yalikuwa yananiuma na kichwa kilikuwa kizito. Nilimpa alama 9 katika 25, nikaandika pembeni neno moja kali, nikafungua kitabu kingine.

Jioni ile umeme ulikatika mapema. Nilikwenda nyumbani, nikala wali na kunde, nikalala. Asubuhi, katika kujumlisha alama, kitabu kile kilifunguka tena mbele yangu. Nilikisoma kwa sababu sikulikumbuka jibu lenyewe, ingawa nililikumbuka lile neno kali. Basi nikaona kuwa bembezi hazikuwa upotevu bali ndizo hoja yenyewe. Mtahiniwa alikuwa anaonyesha kuwa bibi yake hakuhesabu mizani wala hakutafuta vina, lakini sauti yake ilikuwa na mapigo, na mtoto aliyajua mapigo hayo akalala. Kutoka hapo alijenga jibu lake ngazi kwa ngazi hadi juu. Nilimpa alama 17, nikalifuta neno langu, nikabaki nimeshika kalamu mkononi bila ya kuandika kitu.

Jambo lililonitisha halikuwa jibu lile moja. Nilitishwa na majibu mengine. Niliyatenga yote niliyoyasahihisha baada ya saa nane mchana katika siku nne zile, nayo yalikuwa 60, nikayasoma upya. Katika hayo 11 yalibadilika alama: tisa yalipanda na mawili yalishuka. Kazi hiyo ilinichelewesha siku mbili, nikapata barua ya karipio niliyostahili. Sisemi kuwa njaa ndiyo iliyofanya yote. Uchovu ulikuwamo, na kusoma jambo moja mara mia kulikuwamo. Lakini tumbo tupu lilikuwa mshiriki katika dhuluma ile, na mshiriki huyo nilimwalika mwenyewe.

Mwisho wa mwezi nilikwenda Tanga kumtazama mama. Yeye alikuwa muuguzi na mkunga, na sehemu kubwa ya utumishi wake ilikuwa zamu za usiku. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, akanitazama usoni, akaniuliza, "Mwanangu, wala nini huko?" Nikamweleza habari yote, hata ile ya barua. Nilidhani atanionea huruma. Alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Wewe umeharibu karatasi, nazo zilikusubiri mpaka asubuhi. Mimi nilikuwa na watu."

Akanisimulia usiku mmoja wa ujana wake. Katika wodi ya wazazi walikuwako wauguzi wawili tu, na wagonjwa walikuwa wengi kuliko vitanda. Tangu adhuhuri hakuwa ametia kitu kinywani. Karibu na alfajiri alichukua kichupa cha dawa, akavuta dawa katika sindano, akainama kwa mgonjwa. Mwenzake alimshika mkono. Kichupa hakikuwa kile kilichoandikwa. "Nilikuwa nimekisoma," mama alisema, "na macho yangu yaliona jina lile nililolitaka. Tangu usiku ule sikuingia zamu na njaa mpaka nilipostaafu."

Nilimwomba anifundishe alivyofanya, na mafunzo yake nayaweka hapa, kwa kuwa wenye kazi zisizo na mapumziko ni wengi: muuguzi, mlinzi, dereva wa lori, mpishi wa hoteli, mwenye duka asiye na msaidizi.

La kwanza, alikula kabla ya zamu, wala hakusubiri njaa. Saa mbili hivi kabla ya kutoka nyumbani alikula ugali wa dona kwa maharage au dagaa na mboga za majani. Hakushiba kupita kiasi, kwa maana tumbo lililojaa huita usingizi. Ilimu ya mwili yamuunga mkono. Ubongo ni kiasi cha sehemu mbili katika mia za uzito wa mtu, lakini katika mapumziko hula karibu sehemu 20 katika mia za nguvu zake, na chakula chake kikuu ni sukari iliyomo katika damu. Chai tamu na maandazi meupe hupandisha sukari hiyo upesi na kuiacha ishuke upesi. Nafaka isiyokobolewa, maharage na samaki huyeyuka polepole, na nguvu zake humfikia mtu kidogo kidogo kwa saa nyingi. Mimi niliwasha moto wa makuti, yeye aliwasha wa kuni.

La pili, mfukoni hakukosa kitu kidogo: karanga za kukaanga zilizofungwa katika karatasi, tende tatu, au ndizi mbivu katika kikapu chake. Hakuvila wodini. Kila baada ya saa tatu au nne alinawa mikono kwa sabuni, akatoka ukumbini, akala akiwa amesimama, akarudi. Alisema kuwa mwenye kungoja nafasi ya kula sahani nzima hatakula kabisa, bali mwenye kutaka matonge matatu hupata nafasi hata katika usiku mbaya.

La tatu lilikuwa maji. Wauguzi wengi, akasema, hawanywi kwa kuogopa kwenda msalani, na kufikia usiku wa manane vichwa huwauma, wakadhani ni usingizi. Yeye alikunywa mafunda machache kila alipomaliza kuzungukia vitanda. Chai aliinywa mwanzo wa zamu na mara moja katikati, wala hakuigusa baada ya saa nane usiku. Hakujua hesabu yake, lakini hesabu ipo: nusu ya kafeini aliyokunywa mtu mzima huwa ingali mwilini baada ya saa kama tano. Chai ya alfajiri huiba usingizi wa asubuhi, na mwenye kuibiwa usingizi leo huingia zamu ya kesho akiwa na deni.

La nne lilikuwa neno moja: "Nishikie." Yeye na mwenzake walipatana kuwa kila mmoja ana haki ya kulisema neno hilo mara mbili kwa usiku, na anayeambiwa haulizi sababu. Dakika tano za kukaa na kunyoosha miguu, huku mwingine ana macho kwa wote wawili, ziliwatosha kurudi katika hali ya watu. "Chakula kilinisaidia," mama alisema, "lakini mwenzangu alinisaidia zaidi."

Nilipoyasikia hayo nilimuuliza jambo lililonikaa moyoni. Je, watu wanaofunga mwezi wa Ramadhani hawafanyi kazi? Mbona wengi huifanya vizuri? Mama alicheka. Alisema kuwa mwenye kufunga ana daku yake na futari yake, ana nia yake, na dini yenyewe humpa ruhusa mgonjwa na msafiri. Saumu ina mpaka na ina malipo. "Wewe ulifunga nini?" akaniuliza. Sikuwa na jibu.

Hapa lazima niseme neno jingine, nisije nikaeleweka vibaya. Karanga za mfukoni si badala ya mapumziko. Aliye na mamlaka juu ya kazi za watu asisome insha hii akafurahi kuwa mtumishi aweza kukaa saa kumi na mbili kwa tende tatu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mtumishi aliyefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano mapumziko yasiyopungua dakika 60. Inaruhusu mtu kufanya kazi katika muda huo pale tu ambapo kazi haiwezi kuachwa bila ya mwangalizi, au haiwezi kufanywa na mtumishi mwingine. Maneno hayo ya mwisho ni mazito. Mgonjwa haachwi, ni kweli. Lakini pakiwako mtumishi mwingine, kazi hufanyika na mtu hula. Kwa hiyo njaa ya muuguzi mara nyingi si uhaba wa chakula ila uhaba wa wauguzi, na uhaba huo hautibiwi kwa mfuko wa karanga. Mama alibeba mfuko wake kwa sababu hapakuwa na mtu wa tatu.

Na hapo ndipo nilipoona haya yangu yote. Mama alikosa mapumziko kwa kukosa watu. Babu alikosa kwa kuwa siku isiyotimia haikuandikwa, na hata yeye hakwenda shambani bila ya kiporo alichofungiwa na bibi. Mimi nilikosa nini? Hapana aliyenisimamia. Mlango wa chumba changu haukufungwa kwa nje, na mama ntilie alikuwa hatua mia kutoka pale nilipokaa. Nilikuwa mwajiri wangu mwenyewe, nami nilikuwa mwajiri mbaya. Kisha gharama ya ubaya huo sikuilipa mimi, iliwaangukia vijana waliokuwa wameketi mwaka mzima wakijifunza.

Siku hizi mezani kwangu pana mkebe wa karanga na chupa ya maji. Asubuhi nala uji wa ulezi na yai au kiporo cha maharage. Saa sita hufunga vitabu, hutoka, hula, nami hukaa kitako mpaka saa itimie. Baada ya saa tisa alasiri sitoi alama: najumlisha, napanga, naandika barua. Vitabu vya mchana huingia katika asubuhi ya kesho. Kazi huchukua siku tisa badala ya saba, na kila muhula naziomba siku hizo mbili kwa barua. Mara hukubaliwa, mara hukataliwa. Zikikataliwa naenda kwa mwenzangu wa chumba cha pili, namwambia, "Nishikie," naye hunipunguzia vitabu 40. Zamu yake ikifika nami nampokea vyake.

Majibu yale 60 niliyasoma upya, lakini sikuweza kuyasoma ya miaka kumi na mmoja iliyotangulia. Watahiniwa wale wamekwisha kwenda zao, wengine ni walimu, na alama zao zimeandikwa kwa mkono wangu wa saa kumi jioni. Yamkini yuko miongoni mwao aliyeanza na bibi yake akimbembeleza mtoto, nami sikufika ukurasa wa tatu. Huyo sina la kumpa. Niwezalo ni kwamba anayekuja leo na kitabu chake anikute nimekula.