Upele wa Watu, Upele wa Ngamia

Kila mwisho wa mwezi nilikuwa nakaa na daftari la wagonjwa wa nje, kalamu mkononi, najaza fomu ya MOH 705. Malaria ina mstari wake, kuhara kuna mstari wake, nimonia vilevile. Ngozi yote ya binadamu, kuanzia utosini hadi unyayoni, imepewa mstari mmoja: magonjwa ya ngozi. Mtoto mwenye mashilingi kichwani, bibi arusi aliyebabuka, mzee mwenye kidonda kisichofunga, wote waliingia hapo. Fomu siilaumu sana, kwa kuwa nadhani waliopanga mistari ile walikuwa wanafikiria vifo, na ngozi haiui haraka. Aibu ilikuwa kwenye daftari lenyewe, kwa mwandiko wangu mwenyewe: upele, upele, upele sugu, upele.

Nilikuwa Bute, Wajir Kaskazini, karibu na mpaka wa Ethiopia. Kwa cheo mimi ni ofisa wa kliniki. Kwa kila aliyeingia mlangoni nilikuwa dhakhtar, basi. Kwetu ni Kwale. Kiswahili kule ni lugha ya ofisi, na wagonjwa huja na Kisomali au Kiborana, wengi wao wakizijua zote mbili. Kwa hiyo kati yangu na ngozi ya mgonjwa palikaa mtu wa tatu, mama wa makamo, mhudumu wa afya ya jamii, aliyejua kila boma na kila kisima. Nilimwita Eedo, yaani shangazi, naye akawa ananiita Eedo vilevile, kwa sababu kwa Wasomali shangazi humrudishia mtoto jina lile lile analoitwa. Miezi ya kwanza nilidhani ananidhihaki.

Bibi yangu kule Kwale hakuwahi kuingia darasani, lakini kwa ngozi alikuwa na msamiati wa kumtosha daktari. Vipele vidogo vya joto shingoni mwa mtoto aliviita harara. Ngozi ikivimba ghafla kwa mwasho, huo ni uwati. Ile duara yenye ukingo ni choa, au mashilingi kwa vijana. Kulikuwa na mba, ukurutu, gaga, chunjua, lengelenge, baka. Upele kwake ulikuwa ugonjwa mmoja tu, ule wa kuwasha usiku, unaokaa katikati ya vidole na kushika nyumba nzima. Mimi nilipomaliza chuo nilikuwa na Kiingereza cha kujibia mtihani na neno upele la kuzungumza na watu. Yale mengine ya bibi niliyaacha kwao.

Jilaal moja, yaani kiangazi kile kikali cha Januari hadi Machi, mama mmoja alikuja na kijana wa miaka kumi na miwili hivi anayejikuna. Niliuliza yale ya kawaida. Anawashwa? Anawashwa. Usiku? Hata mchana. Nikaandika upele, nikampa benzili benzoeti, ile dawa nyeupe kama maziwa ya asilimia 25, na maelezo yangu ya siku zote: pakeni nyumba nzima usiku mmoja, kutoka shingoni kushuka chini, asubuhi nguo na matandiko yote yafuliwe. Eedo aliitafsiri sentensi ya kufua akiwa ameangalia dirishani.

Walirudi baada ya wiki tatu. Kijana amezidi, na mama ameghadhibika kwa sababu ambayo ilinichukua muda kuielewa: nguo zilifuliwa kwa maji ya mbuzi. Lori la maji lilikuwa halijafika, na mitungi waliyobakiwa nayo waliimaliza kwenye mashuka kwa kumtii dhakhtar.

Hapo ndipo Eedo aliponiambia, bila haraka, "Eedo, siku ile huyu mama hakusema ugonjwa wa watu. Alisema cadho."

Herufi c ya Kisomali ni ayn ya Kiarabu, kwa hivyo sikio la Kiswahili linasikia adho. Nikauliza cadho ni nini.

"Upele."

"Si ndivyo nilivyoandika?"

"Upele wa ngamia," akasema. "Wa watu ni isnadaamis."

Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema nilitaka neno moja la Kiswahili, naye akanipa.

Nilimvua kijana shati nikaanza upya, kama nilivyopaswa kufanya siku ya kwanza. Vidole safi, na katikati yake safi. Ile mifereji myembamba ambayo mdudu wa upele huchimba chini ya ngozi, hakuna hata mmoja. Vipele vilikuwa paja la kulia, upande wa ndani wa mikono, na tumboni kidogo. Nikamwomba anionyeshe anavyokamua. Akasimama kwa mguu wa kushoto, akakunja wa kulia na kuuegemeza kwenye goti, akaweka paja kama meza ya kushikilia chombo, mikono miwili ikaenda mbele kwa ngamia asiyekuwepo. Kila mahali palipoguswa na ngamia yule wa hewani ndipo palipokuwa na vipele. Wadogo zake, wasiokamua, hawakuwa na kitu. Mama vilevile.

Mdudu wa upele wa watu na wa ngamia ni jamii moja, Sarcoptes scabiei, lakini kila mmoja ana mwenyeji wake. Wa binadamu akiingia mara ya kwanza hukaa wiki tatu hadi sita kabla mwasho haujaanza, na muda wote huo anazaa. Wa ngamia akimparamia mtu humuwasha mapema, ndani ya siku chache, lakini hapati kuzaliana humo, anakufa. Kijana wangu hakuwa na upele sugu. Alikuwa anapewa wadudu wapya kila alfajiri. Dawa yake ilikuwa zizini: ngamia watatu wenye ngozi nene iliyojikunja kama gunia, waliodungwa ivamektini na ofisa wa mifugo. Kijana nilimpa krimu ya kutuliza mwasho na ruhusa ya kutokamua kwa muda, ruhusa ambayo nadhani aliifurahia kuliko krimu. Jilaal ndiyo majira ya cadho, maana ngamia wamedhoofu na wamesongamana visimani, na mfugaji yeyote wa Bute angeweza kunieleza hilo kama ningeuliza.

Jioni ile nilinunua daftari la shule. Nikachora safu tatu: Kiswahili, Kisomali, na ya tatu nikaiandika "mkono ufanye nini". Safu ya tatu ndiyo iliyonifunza. Ukiandika upele, mkono haujui uende wapi. Ukiandika cadho, mkono unakwenda zizini.

Chukua tambazi. Chuoni nilifunzwa kwamba maambukizi yanayosambaa chini ya ngozi hutambuliwa kwa wekundu, na picha za vitabu zote zilikuwa miguu ya Wazungu, myekundu kweli. Mwanafunzi wa mazoezi aliyekuwa nami alimtazama ajuza mmoja aliyevimba mguu, akaandika kwamba hakuna wekundu. Hakukosea, maana ngozi nyeusi ikiwaka haiwi nyekundu. Inakuwa ya zambarau, au ya majivu, au inazidi weusi na kung'aa. Nilimwambia aweke mgongo wa mkono pale, kisha auweke kwenye mguu wa pili. Moto wa jiko na ubaridi wa sakafu. Halafu nikatoa kalamu ya wino nikachora mpaka wa uvimbe kuzunguka muundi, kwa kuwa jina lenyewe limeshasema: ni kitu kinachotambaa. Kesho yake asubuhi kilikuwa kimevuka mstari kwa upana wa vidole viwili, tukabadilisha vidonge kuwa sindano. Kwa Kisomali sijapata hadi leo neno linalolingana nalo sawasawa. Eedo alilipenda tambazi akalichukua kama lilivyo.

Baras na juudaan ni habari nyingine. Kisomali kimeyatoa yote mawili kwenye Kiarabu na kinayatenga: baras ni mabaka meupe ya ngozi iliyopoteza rangi, juudaan ni ukoma. Kiswahili nacho kina jedhamu na mbalanga, lakini nyumbani nimesikia mbalanga ikitumiwa kwa hili na kwa lile, na hofu ya moja ikamwangukia mwenye lingine. Baba mmoja alimleta binti wa darasa la saba mwenye weupe pembeni mwa midomo na ncha za vidole. Shuleni walikuwa wamemtengea kikombe. Mtu mmoja mwenye kusoma kidogo alikuwa amemweleza baba kuwa baras ndiyo ile iliyotajwa katika Surat Aal Imran, aya ya 49, miongoni mwa maradhi aliyoponya Nabii Isa, na kwamba hiyo ni ukoma na ukoma unaambukiza.

Nilisokota pamba ikawa uzi. Binti akafumba macho. Nikamgusa nayo kwenye weupe, kisha kwenye weusi, kisha kwenye weupe tena, naye kila mara akiweka kidole palepale. Mara ya nane akafumbua jicho moja na kuuliza tunacheza hadi lini. Baka la ukoma mara nyingi limekufa ganzi, kwa sababu bakteria wale, aliowaona Mnorwei Hansen mwaka 1873, hula mishipa ya fahamu. Nikapapasa na ule mshipa wa nyuma ya kiwiko, haukuwa mnene. Baras huua rangi na kuiacha hisia, na haiambukizi mtu. Hata ingekuwa juudaan, nilimwambia baba, dawa zake ni za bure, za miezi sita au kumi na miwili. Lakini hilo hakulisikia, alikuwa anatazama pamba. Eedo alimfupishia kwa Kisomali: juudaan haisikii, hii inasikia. Nilipomwahidi binti kwamba rangi itarudi nilikuwa nimevuka mpaka, na nilimrudia baadaye nikakanusha. Wakati mwingine inarudi, wakati mwingine hairudi.

Kuna mengine niliyaandika kwa haraka tu. Bibi arusi mwenye malengelenge mkononi yaliyofuata ua la piko jani kwa jani, shina kwa shina. Hina yenyewe haina neno, kinachobabua ni kemikali ya rangi ya nywele inayotiwa ili iwe nyeusi, na mwili ukishaichukia hauisahau. Au yale mashilingi yanayopakwa krimu kali za steroidi kutoka dukani, ambazo muuzaji huziita mafuta ya ngozi: mwasho unatulia, ukingo wa shilingi unafutika, na kuvu inaendelea kula chini kwa chini. Mgonjwa anakuja baada ya mwezi na kitu kisicho na umbo. Safu ya Kiswahili hapo niliiacha wazi.

Vijana wa mazoezi huniona mshamba kwa kushikilia maneno haya, wanaona elimu iko kwenye Kilatini na Kigiriki. Huwa nawafungulia majina hayo. Skabi, jina la upele, inatokana na neno la Kilatini la kukuna. Tinia, jina la choa, kwa Kilatini ni nondo anayetoboa nguo. Eksima ni Kigiriki cha kuchemka na kufurika, kama uji uliosahauliwa jikoni. Hapesi ni kutambaa, yaani Mgiriki alifika palepale alipofika aliyebuni tambazi, japo kwa ugonjwa mwingine. Wagiriki nao walikuwa na bibi zao.

Barua ya uhamisho ilipofika, daftari lilikuwa limejaa hadi jalada la nyuma. Fomu ya mwezi ule niliijaza kama kawaida, vistari vinne na kimoja cha kukata, wote mstari mmoja. Daftari nilimwachia Eedo ili ampe atakayekuja. Akalipitia ukurasa kwa ukurasa, hakusema kitu, mpaka mwisho akauliza Kiborana kiko wapi. Nikamwonyesha pembeni nilipokuwa nimebana maneno matatu: cittoo kwa upele, madaa kwa kidonda, gifira kwa surua.

"Matatu," akasema. "Na wale wanaokaa kwenye benchi sasa hivi, nusu yao ni wa lugha hiyo."

Akachukua kadi ya chanjo akaitumia kama rula, akachora safu ya nne, kisha akatoa kichwa mlangoni na kumwita ajuza aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni.