Stempu, Barua na Haki ya Jamaa



Mwanadamu hawezi kuishi kwa kazi tupu. Baada ya shamba, ofisi na darasa, moyo hutaka kitu cha kuutuliza, na dini yetu haikulikataza jambo hilo maadamu halitupotezei sala, halili haki ya watoto wala halitutii katika haramu. Leo napenda nikueleze burudani moja ya kimya, nayo ni kukusanya stempu za posta. Wengi hudhani kuwa ni mchezo wa Wazungu au wa watoto. Mimi niliye hapa Kwashemshi, wilaya ya Korogwe, naona inatuhusu sana.

Stempu ya kwanza ya kubandikwa ilitolewa Uingereza mwaka 1840. Huku kwetu Wajerumani walianza kutoa zao mwaka 1893, stempu za kwao zilizopigwa chapa ya bei kwa pesa. Na mwaka huo huo ndio miche ya mkonge ilipoletwa pwani yetu. Zanzibar ilianza mwaka 1895 kwa stempu za Kihindi zilizopigwa chapa ya jina lake. Waingereza walipokwisha kuishika bara, wakatoa mwaka 1922 stempu zenye kichwa cha twiga. Baada ya Mapinduzi ya 1964, stempu za Zanzibar zilizokuwa na sura ya Sultani zikapigwa juu yake neno Jamhuri. Ukizipanga hizo kwa safu, umeipanga historia ya nchi: nani alitawala, kwa fedha gani, na aliondoka lini.

Tena tazama stempu za Tanzania zilizotoka tarehe 9 Desemba 1965. Ya senti 5 ina mitambo ya umeme ya Hale, hapa hapa wilayani kwetu. Ya shilingi 5 ni ya mkonge. Basi mtoto wa Kwashemshi asiseme stempu ni habari za ng'ambo. Jasho la babu yake limo.

Lakini, msomaji mpenzi, kila jambo jema lina adabu zake, na hili pia. Nina jirani, mzee wa makamo, ambaye baba yake alikuja zamani kuwa manamba katika mkonge. Wakati huo watu waliandikishwa kutoka mikoa ya mbali, hasa baada ya kuanzishwa SILABU mwaka 1944. Baba huyo alifariki kabla hajawaeleza wanawe vizuri kwao ni wapi. Ilibaki bahasha moja tu ya barua aliyoandikiwa na ndugu yake. Barua yenyewe ililiwa na mchwa. Mzee alipoitoa bahasha ile ili asome muhuri wa posta, ajue ilitumwa kutoka mji gani, alikuta pembe ya juu imekatwa. Kijana mmoja aliipenda stempu. Alipoulizwa, akaleta daftari lake kwa heshima zote: stempu ilikuwamo, safi, na juu yake herufi tatu tu za muhuri. Mpaka leo mzee hajui aelekee Songea au Kigoma.

Kuunga udugu ni wajibu juu yetu, na udugu wa watu wale ulikuwa umening'inia katika karatasi ndogo isiyofika upana wa vidole viwili. Kijana hakukusudia ubaya. Alikosa elimu ya kazi yake, na alikosa kuomba ruhusa. Kwa hiyo mwenye kutaka kuanza, na aanze kwa haya.

Kwanza, omba. Bahasha ya mtu ni mali yake, na barua ni siri na amana. Kisichotolewa kwa ridhaa usikichukue, hata kikiwa kimetupwa pembeni mwa nyumba.

Pili, bahasha ya zamani usiikate kabisa. Iweke nzima, pamoja na muhuri na anwani zake. Hata wakusanyaji wakubwa huithamini zaidi ikiwa hivyo.

Tatu, kwa bahasha mpya zisizo na maana kwa mwenyewe, kata karatasi kwa kuizunguka stempu bila kugusa meno yake. Iroweke katika maji safi ya baridi mpaka ijitenge yenyewe, usiivute. Ianike juu ya karatasi safi, kisha ikandamize ndani ya kitabu kizito. Zile za siku hizi zenye gundi ya kunata huwa hazitoki kwa maji, basi ziache na karatasi yake. Usibandike stempu daftarini kwa gundi, na uliweke daftari mbali na unyevu na mende.

Nne, usifanye israfu. Anza na za barua za jamaa na za kubadilishana na wenzako. Anayeuza unga wa nyumbani ili anunue stempu, huyo hakupata burudani, amepata maradhi.

Wako watakaouliza juu ya picha za viumbe. Hilo waulizwe wanavyuoni. Na mwenye shaka anaweza kukusanya za meli, majengo, misikiti na mimea, nazo ni nyingi.

Ndugu msomaji, barua za karatasi zimekuwa chache siku hizi, kwani simu imezifuta. Zile zilizomo masandukuni mwa wazee wetu hazitaandikwa tena. Kabla hujazitazama stempu zake, mwombe mzee akusomee majina: nani aliandika, kutoka wapi, na ana watoto gani. Yaandike nyuma ya daftari lako. Huenda stempu zikafifia rangi, lakini majina yale yatakuonyesha mlango wa jamaa uliokuwa huujui, nawe utapaswa kuubisha hodi.

Wabillahi tawfiq.