Yakutanapo Maji ya Athi na Tsavo

Wahenga walinena kwamba maji hufuata mkondo. Hawakutuambia mkondo mmoja huishia wapi na mwingine huanzia wapi. Swali hilo nililibeba likizo iliyopita hadi Tsavo Mashariki, mahali ambapo Mto Athi na Mto Tsavo huungana na kuzaa Galana.

Mwenzangu, mwanafunzi wa jiografia, ni mpenzi wa jiokashi, mchezo wa kusaka hazina kwa msaada wa satelaiti. Ulianza Oregon, Marekani, mwezi Mei 2000, siku moja baada ya serikali ya nchi hiyo kuacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi yatumiwayo na raia. Mchezaji huficha kopo, kisha huwapa wenzake latitudo na longitudo. Kwa kuwa katika hifadhi ya wanyama hatungeweza kufukia kitu, tulikusudia hazina isiyo na kopo: msakaji afike, atazame, ajibu swali. Kazi yangu ilikuwa kuandika maelezo na kutaja mahali penyewe. Nami, nakiri, nilipataja nikiwa Nairobi, kwa kutazama ramani tu.

Tulifika tukisindikizwa na askari wa wanyamapori. Mahali nilipopataja palikuwa mchanga mkavu. Maji ya Tsavo, yanayolishwa na chemchemi za Mzima, yalikuja maangavu. Ya Athi, yaliyokwisha kupita nyanda za Ukambani, mekundu kwa udongo. Yalipokutana hayakuchanganyika mara moja. Yalikwenda sambamba, kama wageni wawili waliopanda matatu moja.

“Makutano ni pale ncha ya nchi kavu inapoishia,” nilisema.

Mwenzangu alikataa. “Ncha hiyo ni mchanga; mvua za Novemba zitaihamisha. Tuchukue pale mikondo inapokatana, katikati ya maji.”

“Katikati kuna mamba, ndugu zangu,” askari alisema. “Mtamtuma nani?”

Tarakimu tatu za desimali katika dakika ya latitudo hubainisha umbali usiofika mita mbili. Mafuriko ya usiku mmoja yaweza kuuhamisha ulimi wa mchanga zaidi ya hapo. Lakini si hesabu iliyonichoma, bali swali la askari. Tasnifu yangu inahusu tenzi za pwani, na sura nzima nilikuwa nimeiandika kabla ya kumsikia hata mtu mmoja akizighani. Huko nako nilikuwa nimewaelekeza watu mahali nisipopakanyaga.

Hatimaye tulichagua mwamba ulio juu ya ukingo, mito yote miwili inapoonekana. Tuliandika: “Simama hapa, usiteremke. Eleza ncha ya mchanga iko wapi leo, na mpaka wa rangi mbili za maji unapotelea wapi.” Hatukudai kwamba mwamba huo ndio makutano, tulidai tu kwamba kutoka hapo makutano yaonekana. Kila msakaji atajibu lake, kwa kadiri ya msimu, na huenda wote wakawa wa kweli.

Galana nayo hubadilika jina, ikaitwa Sabaki, kabla ya kuingia baharini kaskazini mwa Malindi. Nimekusudia kuifuata hadi huko nikiwa na kinasa sauti, niwasikilize wanaozighani tenzi. Sura ile nimekwisha kuifuta.