Kikombe cha Mamangu

Kwa miaka mingi chai ya nyumbani kwetu ilikuwa moja: maziwa mazito, hiliki, tangawizi, na sukari vijiko vitatu kwa kila kikombe. Mamangu alipoambiwa ana presha, mimi, kifungua mimba wake, nilijitwika kazi ya kumtafutia nafuu. Nikamletea majani ya chai ya kijani, nikaketi naye barazani na kuisifu kwa maneno mengi.

Niliyomwambia hayakuwa ya uongo. Chai ya kijani na ile nyeusi hutokana na mmea mmoja, huu huu unaokuzwa Kericho na Limuru. Majani ya kijani hupitishwa kwenye moto au mvuke mapema baada ya kuchumwa, kabla hayajageuka rangi, hivyo hubakiwa na wingi wa kemikali ziitwazo katekini. Huko Japani, watafiti waliwafuatilia watu wazima 40,530 wa eneo la Miyagi, na mwaka 2006 wakaeleza kwamba waliokunywa chai hiyo kwa wingi walifariki kwa uchache zaidi kutokana na maradhi ya moyo na mishipa. Kwa saratani hawakuiona tofauti hiyo. Hilo la mwisho sikulitaja, wala sikumweleza kuwa mambo mawili kuandamana si ushahidi kwamba moja limeleta jingine.

Miezi miwili baadaye, mamangu aliinuka kwenye mswala baada ya Alfajiri, akayumba, akashika ukuta. Tulipofika zahanati, presha yake ilikuwa imepanda mno. Daktari akauliza habari za vidonge. Mamangu alinitazama kabla ya kujibu.

"Mwanangu, si uliniambia chai hii yatosha?"

Sikuwahi kulitamka neno hilo. Lakini sifa nilizozimimina ndizo zilizomfahamisha hivyo.

Daktari hakutukemea. Alitueleza kwamba chai hiyo huenda ikashusha presha kidogo tu, na haiwezi kusimama mahali pa dawa. Mwenye upungufu wa damu asiinywe pamoja na chakula, kwani huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vyema mwilini. Ama vile vidonge vyenye chai iliyokolezwa, vikizidi huweza kudhuru ini. Kisha akatabasamu: faida kubwa aliyoiona kwa mamangu ni vile vijiko vitatu vya sukari vilivyoondoka kikombeni.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kutafuta tiba, na mwili ni amana. Siku ile nilitambua kuwa ulimi wa mwenye kushauri nao ni amana. Mzazi humwamini mwanawe kuliko karatasi ya daktari, na imani hiyo yataka kuchungwa.

Alhamdulillah, mamangu yu mzima. Asubuhi humeza kidonge chake kwa maji, nami hushuhudia. Baada ya Alasiri, mapema ili usingizi usimpotee, humtilia chai ya kijani: maji yaliyochemka yakaachwa yapoe kidogo, majani yakae dakika mbili au tatu, pasi na sukari. Hunywa funda moja, akanitazama kwa jicho la utani.

"Haya, leo chai yako imetibu nini?"

"Kiu, mama," humjibu. "Kiu tu."