Chakula cha Juu na Chakula cha Chini

Mwaka 1995 kazi yangu ilikuwa kupandisha sinia. Nilikuwa kijana wa miaka 19, nimemaliza skuli na sina pa kwenda, nikapata kibarua kwenye mkahawa uliofunguliwa juu ya paa la nyumba moja ya kale ndani ya Mji Mkongwe, Unguja. Jina la mkahawa huo nitalihifadhi. Mwenyewe ameshafariki, na watoto wake hawakuhusika na haya ninayotaka kuyaeleza.

Nianze na uzuri wa mahali pale, maana ulikuwa uzuri wa kweli. Nyumba ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kiasi kwamba mtoto angeweza kulala dirishani, na dari zake zilibebwa na boriti za mikoko. Mlango wa mbele ulikuwa wa msaji, umechorwa nakshi za maua na minyororo, una misumari ya shaba tuliyoisugua kila Ijumaa mpaka iking'aa. Mgeni alivua viatu chini ya ngazi, akapanda ghorofa tatu, akatokea kwenye upepo. Juu palitandikwa mabusati na mito, kandili zimewashwa pembezoni, chetezo cha udi kinafuka. Mmoja wetu alishika birika na beseni akamnawisha mgeni mikono, mwengine akamnyunyizia marashi ya mawaridi kwa mrashi. Wanawake walipewa asmini za kuvaa. Ukitazama upande wa bahari unaona taa za majahazi na ngalawa; ukigeuka upande wa mji unaona minara ya misikiti, minara miwili ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu, na mnara wa saa wa jumba la Beit al Ajaib. Baada ya sala ya isha wazee wanne walikaa pembeni na udi, ganuni, fidla na dumbaki, wakapiga taarabu ile ya polepole ambayo mtu huisikiliza bila kuzungumza.

Hakuna hata kimoja katika hayo kilichokuwa cha uongo. Ndivyo mgeni wa heshima anavyopokewa kwetu, harusini na kwenye maulidi. Mimi mwenyewe, niliyezaliwa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, kwenye nyumba ya udongo, nilikuwa nikifika juu na sinia begani nasimama kidogo kutazama.

Mji ulikuwa unafunguka miaka ile. Biashara ilikuwa imelegezwa tangu katikati ya miaka ya 80, wageni wakaanza kuja, na nyumba zilizokuwa zikiporomoka kwa mvua na kukosa matunzo zikawa zinakarabatiwa moja moja ziwe hoteli. Wageni walikuja na picha yao tayari: masultani, karafuu, majahazi. Tajiri wetu aliijua picha hiyo, akaweka ukutani hata sura ya Bibi Salme, binti wa Sultani Sayyid Said aliyetoroka, akaishi Ujerumani na kuandika kumbukumbu zake, zilizotoka mwaka 1886. Karamu yetu ikaitwa karamu ya kisultani. Bei yake ilikuwa kwa dola, na kwa dola hizo familia ya Ng'ambo ingekula wiki nzima.

Sinia zilikuwa za shaba, na kila moja ilifunikwa kwa kawa la ukili lililosukwa kwa rangi. Tulikuwa tumefunzwa kuyafunua makawa yote kwa pamoja, muziki ukinyamaza. Wageni walivuta pumzi, kamera zikamulika. Kisha wakaanza kula, na hapo ndipo jioni ilipovunjika.

Chini ya kawa palikuwa na wali mweupe uliogandamana, samaki wa nazi aliyepoa, kuku mkavu, kabichi ya kuchemsha, na pweza mgumu. Samaki alikuwa na rangi ya chaki. Biriani, ambayo ndiyo iliyotajwa kwa jina kwenye karatasi ya vyakula, ilikuwa wali uliotiwa rangi ya manjano na vipande vya nyama juu yake. Hapakuwa na pilipili kabisa. Hapakuwa na ukwaju, na ndimu ilikatwa vipande vya kupamba tu. Watu hao hao asubuhi walikuwa wamepelekwa mashambani Kizimbani, wakamenyewa gome la mdalasini mtini, wakatafuna iliki mbichi, wakapasuliwa kungumanga waone utando wake mwekundu. Walirudi mjini na harufu hiyo mikononi. Usiku tukawapa chakula ambacho hakikuwa na hata kimoja cha hivyo.

Sasa nieleze kwa nini, kwa sababu hili ndilo lililonikera zaidi: jikoni alikuwepo mpishi.

Alikuwa bibi mmoja wa mtaa wa Kikwajuni, mpishi wa harusi tangu ujana wake. Alikuwa amepika pilau la watu mia tatu kwenye masufuria ya kuinuliwa na wanaume wawili, akapalia makaa juu ya vifuniko na kujua kwa harufu tu kama wali umeiva. Aliishi miaka ya foleni za mchele na sukari, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, wakati watu walipokula muhogo asubuhi na jioni, na hata muhogo huo aliweza kuupika ukatamani kuongezwa. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba mwanamke huyu hajui, wala kwamba vitu havipatikani. Soko la Darajani lilikuwa mwendo wa dakika chache, limejaa.

Jiko lilikuwa uwani, chini kabisa. Kuliweka juu kungeharibu mandhari, tajiri alisema, na moshi ungewasumbua wageni. Basi chakula kilipikwa saa nane mchana, kikawekwa, kikapashwa moto saa moja usiku, kikapandishwa ngazi za ghorofa tatu, kikasubiri ngoma ya kukaribisha iishe. Anayejua mapishi ya nazi atakuwa ameshaelewa. Bibi alikuwa akinieleza nilipokuwa namsaidia kukuna kwenye mbuzi: nazi ikamuliwe mara mbili, tui jepesi ndilo la kupikia, lile zito la kwanza hutiwa mwisho, ukoroge kwa upawa bila kuacha, likianza kutokota uepue. Hapo mchuzi unakuwa na mafuta yake na utamu wake. Ukiuacha kwa saa tano kisha ukauchemsha upya, tui linakatika, linabaki maji na vipande. Ndivyo ulivyofika juu kila siku. Halafu tajiri akaamuru nazi zipunguzwe na maji yaongezwe, maana hesabu za nazi zilikuwa zinamshtua.

Viungo navyo aliviweka kwenye kabati lenye kufuli. Alitoa uzile na pilipili manga kwa kijiko, mara moja kwa wiki. Zafarani hatukuiona. Nyama ya biriani inataka kulazwa kwenye maziwa ya mgando na papai bichi, vitunguu vikaangwe mpaka vikauke, masala yapikwe peke yake na wali peke yake ndipo vikutanishwe. Hiyo ni kazi ya siku nzima na watu wawili. Bibi alikuwa peke yake, na mimi nilimsaidia nikipata nafasi.

Tajiri hakuwa mtu mbaya, na haki yake nimpe. Mwanzoni, kabla sijaajiriwa, wageni fulani waliumwa matumbo, na kampuni iliyowaleta ikamtishia kuhamia kwengine. Tangu siku hiyo aliamini kwamba mgeni wa Ulaya hawezi chakula chetu, na kwamba usalama ni kumpa kitu kisicho na ladha. Aliamini pia kwamba watu wanalipia kukaa. Alimlipa mpiga dumbaki zaidi ya alivyomlipa mpishi. Mabusati aliyaagiza Dubai, taa akazifuata Mombasa mwenyewe, na mlango aliuletea fundi bingwa wa nakshi akamkalisha miezi. Jikoni tulikuwa na seredani tatu na jiko moja la mafuta ya taa lililokuwa likizima.

Nilichopandisha ndicho nilichoteremsha. Wageni walikuwa na adabu: walisukuma wali upande mmoja wa sahani, wakala mkate, wakanywa soda, wakasikiliza muziki. Kilikuwepo kitabu cha wageni pale mlangoni, na mimi niliyejua Kiingereza kidogo nilikuwa nikimsomea Bibi asubuhi. Waliandika juu ya nyota, upepo, wazee wa taarabu, ukarimu wetu. Ukurasa baada ya ukurasa, chakula hakikutajwa. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na chakula je?" Nikamwambia hawajaandika. Akaendelea kuchambua mchele.

Wafanyakazi tulikula chini, uwani, baada ya wageni kukaa. Vichwa vya changu ambavyo tajiri hakuvihesabu, Bibi alivipika mchuzi wa ukwaju na bilingani na pilipili mbichi, motomoto, kwa viungo alivyokuja navyo kutoka kwake kwenye pindo la kanga. Siku nyengine alioka mkate wa ufuta, akaugeuza uso kwa makaa mpaka ufuta ukabadilika rangi. Usiku mmoja mama wa Kizungu, mtu mzima, aliteremka kutafuta choo, akapotea njia na kutokea uwani. Akasimama. Aliuliza tunakula nini. Bibi hakungoja nitafsiri, alimsogezea kibao, akampakulia na kumkatia mkate. Yule mama alikula kwa mkono, akitokwa na jasho na kamasi, akaramba vidole, akaomba tena. Kisha akaniuliza kwa nini chakula hiki hakipo juu.

Nilimfasiria Bibi. Akajibu, "Mwambie hiki ni cha wafanyakazi. Cha wageni kiko juu."

Yule mama alikwenda kwa tajiri usiku ule ule. Nilikuwepo. Alimweleza kwa upole kwamba kule chini amekula chakula kizuri kuliko chote tangu afike Afrika, na kwamba yuko tayari kulipia hicho. Tajiri alimshukuru sana, akaweka mkono wake kifuani, akamsindikiza mpaka mlangoni. Asubuhi tulipigwa marufuku kupika pilipili saa za wageni, kwa sababu harufu inapanda.

Kilichofuata hakikuchukua muda. Vijana waliotembeza wageni walianza kuwaambia: nendeni pale jioni mkanywe kitu, mtazame jua likizama, msikilize muziki, kisha shukeni bustani ya Forodhani mkale. Forodhani ya wakati ule, kabla haijakarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, ilikuwa vumbi na makarai na kandili za mafuta. Hapakuwa na busati wala marashi. Lakini pweza alikatwa mbele yako, mishikaki ilitoka motoni ikaingia mdomoni, miwa ilikamuliwa na ndimu na tangawizi, na aliyetaka pilipili alitiwa. Wageni waliosemekana hawawezi chakula chetu walijaa pale, wamesimama, wanakula kwenye vipande vya karatasi. Mimi niliwaona, kwa sababu nikitoka kazini nilipita hapo kwenda nyumbani.

Bibi aliacha kazi kabla yangu. Hakugombana na mtu. Alisema miguu inamuuma, akarudi Kikwajuni, akawa anauza mikate ya ufuta Ramadhani, na watu wakaja kutoka mitaa ya mbali kuinunua. Alifariki bila mtu yeyote kuandika alivyopika, na mimi ninayekumbuka nusu tu siwezi kuirudisha ile nusu nyengine. Mkahawa ulifungwa, nyumba ikauzwa, leo ni hoteli.

Tangu mwaka 1985 tuna mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe, na tangu mwaka 2000 mji upo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Ni jambo jema, nami naliunga mkono. Sehemu ya Beit al Ajaib ilipoporomoka Disemba 2020 nililia kama walivyolia wengi. Lakini mapishi ya nyumba zile ni urithi sawasawa na nakshi za milango yake. Ukibadilisha dirisha bila ruhusa utaulizwa; ukimlisha mgeni wali wa rangi ukauita biriani ya Zanzibar, hakuna atakayekuuliza. Na mgeni huyo atarudi kwao akiwaambia watu kwamba Waswahili wana mji mzuri na hawana chakula. Hilo linaniuma mpaka leo.

Siku hizi mapaa yenye mito na kandili ni mengi, na mengine yanapika vizuri. Nimekula huko nikafurahi. Kwa wale wengine nina ombi. Mtafuteni mpishi kabla ya kununua mabusati. Mlipeni kama mnavyomlipa mpiga ganuni. Mpeni nazi zake zote, ufunguo wa viungo, na jiko lililo karibu na meza, hata kama moshi kidogo utaonekana. Muulizeni mgeni kama anataka pilipili badala ya kumwamulia. Nawe msomaji, ukikaribishwa mahali kama hapo usiku ukawa mzuri na chakula kikawa kibaya, usiandike kitabuni habari za nyota peke yake. Sema na chakula, kwa adabu, kabla hujavaa viatu.