Hesabu ya Mwezi

Maradhi yangu huitwa multipoli sklerosisi: kinga ya mwili huushambulia utando uzifunikao neva za ubongo na uti wa mgongo. Siku chache kabla ya hedhi miguu yangu huwa mizito. Yai likiisha kupevuka, homoni ya projesteroni hupandisha joto la mwili hata kufikia nusu digrii. Mwaka 1890 Uhthoff, tabibu Mjerumani, aliona wagonjwa wakipungukiwa nuru ya macho kwa kujitaabisha. Baadaye ikajulikana kuwa chanzo ni joto. Hapa Singida jua la Oktoba huongeza lake. Daktari aliniuliza chakula na usingizi. Habari za mwezi aliona haya. Mimi hufundisha tafsida, na naipenda. Lakini nilitamka "hedhi", akachukua kalamu.